Harusi kwenye matuta ya jangwa: saa ngapi, upepo tuufanyeje, na tenti tuache?

"Habari. Mimi na mchumba wangu tumekubaliana harusi yetu ifanyike jangwani, kwenye matuta ya mchanga, wageni kama 60 hivi. Bibi yangu mzaa mama atakuwepo, ana presha na miguu inamsumbua. Tumepanga tufungishwe ndoa saa 8 mchana kwa sababu jua linakuwa kali na picha zinatoka safi, halafu wageni wawahi kurudi kabla ya giza. Mpiga picha anang'ang'ania jioni ila nahisi anatafuta picha za kujitangazia tu. Kuna mtu katuambia jangwani mvua hainyeshi, kwa hiyo hela ya tenti bora iende kwenye mapambo. Gauni langu lina mkia na shela refu, naogopa sana upepo. Tufanyeje?"

Dada, kwanza hongera. Nikisoma swali lako naona hofu yote umeiweka kwenye upepo, lakini mimi kilichonishtua ni hiyo saa 8. Upepo una namna ya kuuzungukia, tutaufikia. Saa 8 mchana jangwani huizunguki, unaihama tu. Na mpiga picha wako msikilize, hata kama kweli anataka picha za kujitangazia, kwa hili yuko sahihi na anakutetea wewe.

Tuanze na hilo la jua kali na picha safi maana karibu kila bibi harusi anakuja nalo. Kamera haiteswi na mwanga mdogo kama inavyoteswa na tofauti kubwa kati ya penye mwanga na penye kivuli. Jua likiwa utosini linapiga paji la uso, ncha ya pua na mabega, halafu macho yanabaki kwenye mashimo meusi na chini ya kidevu panakuwa peusi pia, na make-up ya gharama yote inaishia hapo. Wakati huohuo mchanga unarudisha mwanga kutoka chini moja kwa moja machoni mwa watu, kwa hiyo utakuwa na mamia ya picha za wageni waliokunja sura, nusu yao wamefumba macho kabisa. Na matuta yenyewe yanapotea. Ule mstari mkali wa kileleni na yale mawimbi madogo kwenye mchanga tunayaona kwa sababu upande mmoja una mwanga na mwingine una kivuli, jua likiwa juu kivuli hakipo, tuta zima linageuka kama ukuta uliopakwa rangi moja. Mnasafiri umbali wote huo halafu nyuma yenu hakuna kitu.

Jua likishuka mwanga wake unapita kwenye hewa ndefu zaidi kabla ya kutufikia, ile rangi ya bluu inatawanyika njiani, inayobaki ni njano na nyekundu, ukali unapungua, vivuli vinarefuka na matuta yanafufuka. Muda mtamu kabisa ni pale jua likiwa kama digrii 6 juu ya upeo wa macho mpaka linazama. Hapa ndo watu wengi hawapigi hesabu: dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, na mkiwa karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, kwa hiyo hizo digrii 6 zinaisha ndani ya dakika 24 hivi. Mkiwa mbali na ikweta linashuka kwa mshazari, mnaweza kupata saa nzima au zaidi kutegemea na msimu. Ndo maana ratiba uliyoiona kwa harusi ya watu wa kaskazini huko usiikopi hivihivi, pale kwenu inaweza kuwa nusu ya muda huo. Baada ya jua kuzama bado kuna mwanga laini wa kama dakika 20 na kitu, giza haliangukii watu ghafla.

Halafu joto. Watu wanafikiri saa 8 jua limeshaanza kupoa, kumbe ardhi inaendelea kunyonya joto na hewa inafika kileleni kama saa 9 alasiri, yaani mngekuwa mnaingia kwenye joto na si kutoka. Na kile kipimo cha kwenye simu ni cha hewa ya kivulini. Hewa ikiwa 40, mchanga wa kawaida uliopigwa na jua unaweza kupita 60, unachoma mguu kupitia kandambili. Viti vya chuma vilivyopangwa saa 5 asubuhi ikifika saa 8 hakuna anayeweza kukalia. Hewa kavu nayo ina ujanja wake, jasho linakauka kabla hujaliona, mgeni anajisikia yuko sawa kumbe anapoteza maji saa nzima, anakuja kushtuka kichwa kinauma na anaona kizunguzungu.

Sasa upepo wako. Mchana ardhi ikichemka hewa ya chini inapanda, na ile ya juu yenye kasi inashushwa chini kuziba nafasi, ndo maana kwenye majangwa mengi upepo unakuwa mkali mchana hadi alasiri na visulisuli vinazunguka huku na huku. Jua likizama ardhi inapoa haraka, hewa baridi inatulia chini, upepo unakata. Alfajiri ndo shwari kuliko muda wote. Mchanga mkavu mwembamba unaanza kutembea upepo ukifika kama kilomita 20 kwa saa, na punje nyingi zinarukaruka chini ya goti tu, kwa hiyo wa kwanza kuumia ni pindo la gauni, watoto, na mabegi ya kamera yaliyowekwa chini. Nguvu ya upepo pia haiongezeki taratibu: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Upepo wa 20 unapeperusha shela vizuri kwa picha, wa 40 unaondoka na tenti.

Kwa hiyo kwa mwanga, joto na upepo mna nafasi mbili tu, asubuhi na mapema au jioni, na kila moja ina bei yake. Asubuhi ni poa, ni shwari, mchanga umelala hauna alama ya mguu, na mkichelewa kidogo mwanga haukimbilii gizani. Lakini ili mfungishwe ndoa saa 1 asubuhi wewe unaanza kupambwa saa 8 usiku, bibi anaamshwa saa 9, wageni 60 wanaendesha gizani kwenye njia wasizozijua, na nusu yao watachelewa. Na kama jangwa lenu liko kando ya bahari, kama Namib, asubuhi mnaweza kukuta ukungu umetanda kila kitu. Jioni watu wameshalala vya kutosha, wamekula, wamechangamka, na baada ya hapo sherehe inaendelea yenyewe. Ubaya wa jioni ni kwamba mkichelewa dakika 40 mwanga umekwisha na hakuna wa kuurudisha, na mwanzoni mwa jioni upepo unaweza kuwa haujakata bado.

Ningekuwa mimi, na huyo bibi na wageni 60, ningefungisha ndoa jioni halafu picha za nyie wawili kwenye matuta ningezipeleka alfajiri ya siku inayofuata. Najua kuvaa gauni mara mbili kunaonekana usumbufu, lakini faida yake ni kubwa. Siku ya harusi hamwachi wageni wamekaa wanasubiri saa nzima mkiwa mlimani na kamera, na kesho yake mnapanda taratibu mkiwa hamna haraka, hakuna upepo, shela linashuka pale unapoliweka. Gauni likichafuka mchanga nani anajali, harusi imeshapita.

Ratiba ya jioni msiipange kwa saa ya ukutani, ihesabuni kurudi nyuma kutoka jua kuzama. Tuseme siku hiyo linazama saa 12:30. Wageni wawe wamekaa kivulini saa 10:40, mnaanza saa 11 kamili, saa 11:30 mmeshakuwa mke na mume. Dakika 20 zinazofuata ni picha za familia, na mnaanza na wazee ili wakapumzike, majina yawe yameandikwa kwenye karatasi na kuna mjomba au shangazi mwenye sauti wa kuyaita, bila hivyo hapo ndo jua lote linaliwa. Kuanzia saa 12 nyie wawili mnatoka na mpiga picha mpaka jua linazama, wageni wanakunywa vitu vyao, na ule mwanga laini wa mwisho mnautumia kurudi na kuwavusha watu kwenda kwenye chakula wakiwa wanaona njia.

Ila saa ya jua kuzama mnayoipata kwenye simu ni ya mahali tambarare. Mkiwa na mlima au tuta kubwa upande wa magharibi, jua linawapotea mapema, inaweza kuwa nusu saa kabla au zaidi. Hili hakuna programu itakayokuambia kwa uhakika kama macho yako, nendeni pale, ikibidi mwaka mmoja kabla, tarehe zinazokaribiana na harusi, muda uleule, mkasimame pale mtakaposimama. Mkifika angalieni pia viti vitaelekea wapi. Mkiwapa wageni jua mgongoni, nyie mnakodolea jua na mtakunja macho wakati wa kuahidiana. Mkigeuza, wageni wote wanaangalia jua na nyie mnakuwa vivuli vyeusi. Ninachopenda ni jua liwe pembeni, kwa mshazari kidogo nyuma yenu, linawachora mabega na shela, na mpiga picha anajazia uso kwa rifrekta, ule ubao wa kurudisha mwanga, au fleshi.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekufundisha ni nyayo. Mchanga msafi una nafasi moja tu. Mtoto mmoja akikimbia kwenda kileleni kuteleza, ile alama inabaki hadi upepo uifute, pengine kesho kutwa, na itaonekana kwenye kila picha. Kabla mtu yeyote hajafika, amueni tuta lipi ni la picha na lisikanyagwe na mtu, hata wapambaji, hata MC. Nyie wenyewe mnalipanda kutoka upande wa nyuma, au mnatembea kwenye mstari uleule mmoja ili nyayo zenu ziwe sehemu ya picha. Mpiga picha anabaki chini. Nimeona wapambaji wamepanga maua vizuri ajabu halafu nyuma yake tuta zima limekanyagwa kama uwanja wa mpira, na wao ndo waliolikanyaga.

Usifungie ndoa juu ya tuta lenyewe lakini. Bibi hawezi kutembea kwenye mchanga laini, na wewe na visigino virefu huwezi pia, vinazama mpaka mwisho. Tafuteni ardhi ngumu ya changarawe kwenye ukingo, matuta yakiwa nyuma, gari liweze kumfikisha bibi karibu na kiti, na njia ya kupita bibi harusi iwekwe mbao au mkeka mgumu. Chunguzeni chini: sehemu nyingine udongo una gamba jeusi lenye vinundu, ukidhani ni uchafu tu, kumbe ni vijidudu na kuvu na vimea vinavyoshikilia udongo usipeperuke, na likikanyagwa linachukua miaka mingi kurudi, kwingine miongo. Msipite juu yake na magari. Pambo la kung'aa na vikaratasi vya kurusha viacheni nyumbani, mchangani haviokoteki.

Hilo la mvua sasa. Aliyekwambia hivyo amekosea mara mbili. Kwanza jangwani mvua inanyesha. Kwa kawaida tunaita jangwa mahali panapopata chini ya milimita 250 kwa mwaka, lakini hizo zinaweza kushuka kwa mkupuo, na ardhi iliyokauka haizimezi haraka, zinakimbilia kwenye makorongo. Maji yanaweza kuja na kasi kutoka milimani kilomita nyingi huko wakati juu yenu anga ni bluu. Kwa hiyo lile korongo kavu lenye kuta nzuri, ambalo mpambaji atalipenda maana limekaa kama kanisa, jibu ni hapana, na magari pia yasipaki humo. Pili, tenti jangwani kazi yake kubwa ni kivuli, mvua ni ya ziada. Hela ya tenti usiiguse. Ongea na mwenye tenti anayeijua kazi ya mchangani, maana vigingi vya kawaida havishiki kwenye mchanga, lazima mizigo mizito au mifuko ya mchanga iliyofukiwa chini, na muulize tenti yake imepimwa kwa upepo wa kasi gani na ikifika wapi anaishusha. Akikujibu "usijali, haijawahi kuanguka," tafuta mwingine.

Kwa shela, uwe na mawili kama inawezekana, fupi la kwenye shughuli, refu la alfajiri. Fundi akushonee vizito vidogo kwenye pindo la mkia. Ndani ya gauni usivae vitambaa vya nailoni vinavyobana, utaiva. Na beba shali nzito, bibi pia, maana hewa kavu isiyo na mawingu haishiki joto, baada ya jua kuzama kipimo kinaweza kushuka nyuzi 15 hadi 20 kabla ya alfajiri, watu wanaotoka jasho saa 11 wanatetemeka saa 4 usiku.

Mpiga picha mwulize maswali mawili matatu tu utajua kama amewahi kufanya kazi huko. Anabadilisha lenzi vipi? Jibu zuri ni kwamba habadilishi, anakuja na kamera mbili kila moja na lenzi yake. Mchanga ukiingia kwenye kioo cha lenzi anafanyaje? Akisema anafuta na kitambaa, ole wake, mchanga mwingi ni madini ya kwatzi (quartz) na ni mgumu kuliko kioo, unapulizwa kwanza kwa kipulizio cha mpira ndo ufutwe. Muulize pia gauni jeupe kwenye mchanga mweupe anapimaje mwanga, kwa sababu kamera ikiachwa ijipimie yenyewe inadhani kila kitu kimezidi kung'aa, inapunguza, gauni linatoka kijivu. Anayejua atakwambia anaongeza mwanga kidogo huku akichunga maua ya lesi yasiungue, yaani yasitoke meupe matupu. Droni inataka mkeka wa kurukia, isiruke kutoka mchangani, na inataka kibali, majangwa mengi mazuri ni hifadhi na huko droni mara nyingi hairuhusiwi kabisa. Kibali cha harusi yenyewe kiombeni mapema kwa wasimamizi wa eneo, muulize idadi ya wageni na viti vinavyoruhusiwa. Wa video akumbuke manyoya ya kuziba upepo kwenye maiki, bila hayo maneno yenu ya ndoa yatakuwa ngurumo.

Usiku msikae mchangani bila kukagua. Nge wanang'aa kijanikijani ukiwamulika na tochi ya mwanga wa urujuanimno, ni tochi ndogo, mtu mmoja azunguke nayo kwenye meza kabla watu hawajavua viatu.

Bibi nimemwacha mwisho maana hapa mimi si mtu wa kumwamulia. Mpelekeni kwa daktari wake wiki kadhaa kabla, mkiwa na dawa zake zote mkononi, mwambieni kabisa ni jangwani, jioni, saa ngapi nje. Baadhi ya dawa za presha zinakojosha na kupunguza maji mwilini, nyingine zinafanya mwili usijipooze vizuri, daktari ndo ajue kama kuna cha kurekebisha, nyie msimwachishe dawa hata siku moja kwa kukisia. Siku yenyewe akae kwenye gari lenye AC mpaka dakika za mwisho, awe na mjukuu wake mmoja ambaye kazi yake ni bibi tu na si kupiga selfie. Maji wekeni angalau nusu lita kwa kila saa kwa kila mgeni aliyekaa, na zaidi kwa wanaobeba viti. Mtu akilalamika kichwa, kichefuchefu, udhaifu, mpelekeni kivulini na kwenye ubaridi, anywe taratibu. Lakini akianza kuongea vitu havieleweki, kuyumba, kuzimia, ngozi ina moto, hiyo ni dharura, mnapiga simu ya msaada na wakati huohuo mnammwagia maji na kumpepea, msisubiri. Sasa jiulizeni simu itashika? Kwenye matuta mara nyingi mtandao hakuna. Kama hospitali iko zaidi ya saa moja, kodini mtu wa huduma ya kwanza akae pale na gari lenye dereva anayejua mchanga, na mjue kabla ni wapi mtandao unaanza.

Siku tatu kabla angalieni utabiri, na msiangalie wastani wa upepo, angalieni kasi ya mikupuo, ile misukumo ya ghafla. Ikisemwa itapita 40, hamieni mpango wa pili, yaani ndani ya ukumbi au ua wenye kuta mliokwisha kuulipia kiasi, na picha za matuta zibaki alfajiri. Uamuzi huo mpeni mtu mmoja mwenye kichwa kilichotulia, na mkubaliane kabisa kwamba saa 3 asubuhi ya siku hiyo akisema tunahama basi tunahama, hakuna kikao tena.